Siku Thelathini na Sita za Mama Breki

Popote alipokaa, Shangazi alikanyaga breki. Awe kwenye kochi akitazama taarifa ya habari, awe kwenye benchi la zahanati, awe mezani wakati mtoto anakuja mbio na bakuli la moto kutoka jikoni, mguu wake wa kulia ulinyooka na kusukuma sakafu, kama mtu anayetaka kuizuia dunia isigonge kitu. Hakujua kwamba anafanya hivyo, na ukimwambia alikana. Lakini viatu vyake vyote, vya kazini na vya kuendea harusini, vililika soli ya kulia kwanza, na fundi viatu wa mtaani alikwisha kuzoea kushona kimoja na kukirudisha kingine kama kilivyokuja.

Wanafunzi wake walimwita Mama Breki. Alifundisha udereva kwa miaka thelathini na moja, katika chuo chenye chumba kimoja, ubao mmoja uliochorwa alama za barabarani, na gari moja dogo la manjano. Upande wa mwalimu palikuwa na klachi na breki za ziada. Juu, kwenye kioo cha mbele, palibandikwa kioo kidogo cha pili cha kutazama nyuma, kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Kioo kikubwa cha katikati kilikuwa cha mwanafunzi, na hicho kidogo kilikuwa chake Shangazi.

Binti wa kaka yake alikulia kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo. Mama mtu alifanya kazi zamu ya mchana katika kiwanda cha nguo, baba alikuwa seremala asiyejua saa ya kutoka kazini, kwa hiyo tangu mtoto ana miaka sita Shangazi alimpitia kwenye lango la shule, akamfunga mkanda nyuma, na masomo yakaendelea. Wanafunzi wakampachika jina la Kondakta, maana hakuweza kunyamaza. "Mjomba, hujawasha indiketa," alimwambia siku moja mfanyabiashara wa mbao, mtu mzima mwenye kitambi chake. Yule bwana alisimamisha gari kando ya barabara akauliza kwa upole kama kuna walimu wawili humu ndani au mmoja. Shangazi alimtazama mtoto kwenye kile kioo kidogo, mtoto naye akamtazama humohumo. Ndivyo walivyozoea kuzungumza wakati wa somo: macho kwa macho, kwenye kipande cha sabuni.

Alipofika miaka tisa Kondakta alianza kuomba. Hakuomba kuendesha. Aliomba tu kukaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mkobani. Shangazi alikataa. Sheria ilisema kibali cha kujifunza hutolewa kwa aliyetimiza miaka kumi na saba, na Shangazi aliishika sheria hiyo kama watu wengine wanavyoshika wosia wa marehemu. Sababu yake ilikuwa wazi kwa kila mpita njia: kiraka cha saruji ukutani kwa jirani, cha rangi tofauti, upana wa gari. Baba yake Kondakta, akiwa na miaka kumi na minne, alichukua pikapu ya babu, akatoboa nayo ukuta ule, akaangusha tangi la maji, na akatokea upande wa pili akiwa amefunikwa mashuka yaliyokuwa yameanikwa kambani. Hakuna aliyeumia. Baba mwenyewe alisimulia kisa hicho huku akicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi hakuwahi kucheka. Yeye ndiye aliyekimbia siku ile na kufunua shuka moja baada ya jingine, bila kujua chini yake atakuta nini.

Badala ya kiti alimpa mtoto ahadi. Siku utakayotimiza umri, alimwambia, wa kukufundisha ni mimi, na sahihi kwenye fomu yako itakuwa yangu. Fomu ya leseni ya kwanza ilikuwa na mistari miwili chini, mmoja wa mtahiniwa na mmoja wa mwalimu wake. Kondakta aliijua fomu ile kama watoto wengine wanavyojua nyimbo za kuruka kamba.

Ahadi ilitulia kwa miaka saba. Kisha ikaja barua chuoni, yenye muhuri na lugha ya heshima, ikieleza kwamba kuanzia mwaka unaofuata mwalimu wa udereva atakoma kufundisha siku atakayotimiza miaka sitini na mitano. Jioni hiyo wote wanne waliinama juu ya kalenda ya jikoni. Kondakta angetimiza kumi na saba tarehe tatu ya mwezi wa tano. Shangazi angetimiza sitini na mitano tarehe nane ya mwezi wa sita. Kati ya hapo zilikuwa siku thelathini na sita. Sheria nyingine ilisema mwanafunzi hawezi kutahiniwa kabla kibali chake hakijafikisha siku thelathini, na mitihani ilifanywa Alhamisi tu. Shangazi aliburuta kidole kwenye kalenda, akakisimamisha. Ilibaki Alhamisi moja, tarehe sita. Anayeanguka husubiri miezi mitatu.

Baba alikuna kichwa akasema, "Dada, si umwanzishe sasa? Huko nyuma ya karakana hakupiti mtu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," Shangazi alisema.

Basi wakasubiri. Kondakta alisema baadaye kwamba hakuna miezi iliyowahi kwenda polepole kama ile, na hakuna mwezi uliowahi kukimbia kama wa tano.

Kila somo lilianza kwa neno moja: kibali. Shangazi alinyoosha mkono kwa kila mwanafunzi, na siku ya kwanza alimnyooshea hata huyu aliyemlea. Kondakta alicheka. Mkono haukurudi. Kicheko kikaisha, kadi ikatoka, Shangazi akaisoma mstari kwa mstari kama hajawahi kuliona jina lile, akairudisha.

Kwa wiki mbili mambo yalikwenda barabara. Binti alijua gia bila kutazama chini, alijua kupanda mlima bila gari kurudi nyuma hata inchi, na kona alizikata kama mtu anayekata kitambaa. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilimnyima Shangazi raha: vyombo vya barabarani vilimtokea kwa ghafla. Pikipiki ilimpita ubavuni akashtuka. Akirudi nyuma kati ya milingoti, gari lilipinda kidogo kidogo mpaka linagusa. Na si kwamba hakutazama, maana kichwa kilinyanyuka kila ilipotakiwa. Shangazi alibadilisha kiti, akabadilisha mto, akamuuliza kama anaona vizuri, akampeleka kupimwa macho. Mpimaji akasema macho kama hayo yangefaa kutungia sindano gizani.

Katikati ya hangaiko hilo likaja tamasha. Mwimbaji ambaye Kondakta alimpenda tangu utotoni, ambaye picha zake zilijaa upande wa ndani wa mlango wa kabati lake, angeimba Jumamosi ya tarehe ishirini na tano kwenye uwanja wa wazi karibu na stesheni ya zamani. Mabango yalibandikwa kila nguzo, na chini ya kila bango palikuwa na mstari mdogo: wenye miaka kumi na minane na kuendelea. Kondakta alilalamika kwa siku tatu mfululizo. Wakubwa wanamwamini na tani nzima ya chuma katikati ya watu, alisema, lakini hawamwamini kusimama mahali akasikiliza mtu akiimba.

"Barabarani nipo mimi kando yako," Shangazi alijibu. "Huko atakuwepo nani?"

Mtu wa kwenda naye alikuwepo. Rafiki yake wa darasani, msichana ambaye wenzake walimwita Kiherehere na hakukasirika, aliiba vitambulisho viwili kwenye mikoba ya dada zake. Kimoja cha kwake, kimoja akampa Kondakta. Sura ya mwenye kadi ilifanana na ya Kondakta ukiitazama kwa mbali tena ukiwa na usingizi. Kondakta alijua vizuri sheria ya kitu hicho: anayekamatwa na kitambulisho cha mtu mwingine hunyang'anywa kibali cha udereva mpaka atimize kumi na minane. Alhamisi yake moja ingekwenda na maji, na sahihi ya Shangazi nayo. Alijiambia kwamba kuibeba kadi si kuitumia, kwamba bado hajaamua. Akaitia mfukoni.

Jumamosi hiyo somo lilikuwa saa nane mchana. Shangazi alikwisha kukaa na kufunga mkanda. "Kibali," akasema, akanyoosha mkono. Kondakta, akili yake ikiwa imeshafika uwanjani, alichomoa kadi akamwekea kiganjani.

Shangazi aliisoma kama kawaida yake, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Akaitazama picha, akamtazama binti. Hakupaza sauti. Akairudisha.

"Huyu simjui," alisema. "Hana somo na mimi leo."

Kondakta alihisi masikio yakiwaka moto. Aliipokea ile kadi, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi, akaikalia. Kisha akatafuta kibali chake, kikaanguka chini, akakiokota, akakitoa. Shangazi akakisoma nacho chote. Binti aliomba moyoni angalau agombezwe, lakini alichoambiwa ni kuwasha gari na kushika njia ya kushoto.

Aliendesha. Kushoto, kisha moja kwa moja, kisha kulia penye duka la vipuri. Walipita barabara ambayo hawajawahi kupita, wakateremka nyuma ya stesheni ya zamani, wakaingia kichochoro kipana chenye ukuta mrefu upande mmoja na magari yameegeshwa upande mwingine. Shangazi alimwambia aegeshe kati ya lori na gari la bluu, kinyumenyume. Aliingia. Zima gari, akaambiwa. Akazima. Saa ya gari ilionyesha saa tisa kasoro dakika mbili.

Kisha ukuta ukaanza kuimba.

Ngoma iligongwa mara moja, ikanyamaza, ikagongwa tena. Gitaa likajibu. Sauti ya mtu ikahesabu mpaka nne, na baada ya hapo ikatoka sauti ambayo Kondakta angeitambua hata angezikwa, karibu kiasi kwamba alisikia mwimbaji akivuta pumzi kati ya mstari na mstari. Walikuwa wakijaribu vyombo. Fundi wa sauti wa uwanja ule alikuwa mwanafunzi wa Shangazi wa zamani, aliyeanguka mtihani mara nne na kukata tamaa mara tano, na wiki moja nyuma, siku ileile mabango yalipobandikwa, Shangazi alikwenda kumuuliza ni saa ngapi wanafanyia majaribio na ni upande gani wa ukuta unasikika vizuri. Uwanjani haruhusiwi mtoto. Barabarani, mwanafunzi mwenye kibali na mwalimu wake wanaruhusiwa kuegesha mpaka jua linapozama.

Mwimbaji alirudia wimbo mmoja mara sita kwa sababu kinanda kilikwaruza. Kati ya mara ya nne na ya tano alimtania fundi kwa jina, akasema masikio ya bwana yule yanahitaji kufunguliwa na fundi bomba, na watu wakacheka nyuma ya ukuta. Kondakta naye alicheka, na alipocheka ndipo machozi yakamtoka. Akainua uso, akamtafuta Shangazi kwenye kile kioo kidogo, kama alivyozoea tangu ana miaka sita. Shangazi alikuwa humo, akimtazama.

Shangazi hakutabasamu. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyesikia mlio mpya kwenye injini.

"Kumbe," alisema polepole. "Kila nikitazama kioo changu, nakukuta wewe humo."

Binti hakuelewa mpaka alipofafanuliwa. Miaka yote aliyokaa nyuma, kioo alichokijua katika gari lile kilikuwa hicho kidogo. Alijifunza kila kitu kwa kukitazama. Sasa ameshika usukani, na kila kichwa kiliponyanyuka kutafuta barabara ya nyuma, macho yalikwenda kwenye kioo cha mwalimu, kilichogeuzwa kumfaa mwalimu. Hakuwahi hata mara moja kutazama cha kwake. Kwa wiki tatu alikuwa akiendesha akiwa amekaa, kwa macho, kwenye kiti cha Shangazi.

Shangazi aliinua mkono, akakishika kile kioo kidogo, akakizungusha na kukivuta. Gundi ilishikilia, ikashikilia, ikaachia kwa mlio mdogo. Akakitia mkobani, akafunga zipu. Palibaki alama ya mviringo.

"Washa gari," alisema. "Sasa mimi sioni nyuma. Utaniambia wewe."

Walirudi kwa njia ya mjini, Jumamosi, saa ya msongamano. Kondakta alitafuta kioo chake kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ngeni. Mara mbili macho yalikwenda penye ile alama ya gundi yakakuta mbingu. Lakini kioo kikubwa kilikuwepo, na barabara yote ilikuwa ndani yake. Akaanza kuisema kwa sauti: pikipiki inakuja, basi limewasha indiketa, baiskeli yenye kreti. Kando yake Shangazi aliitikia kila neno kwa kichwa, mguu umekakamaa juu ya pedali, na haukushuka hata mara moja.

Jioni ile Kondakta aliirudisha kadi ya watu kwa mwenyewe, akaomba radhi. Uwanjani Kiherehere aliingia kweli, akarudi amepoteza kiatu, na alipobanwa sana akakiri kwamba alichoona ni migongo.

Tarehe sita ikafika. Mtahini alikuwa mtu ambaye wanafunzi walimwita Jiwe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona meno yake. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu na karatasi mapajani. Sheria ilimtaka mwalimu asubiri uani, kwa hiyo Shangazi alibaki kwenye benchi la zege na wazazi wote wawili. Mama alisimulia baadaye kwamba kwa dakika arobaini zile mguu wa wifi yake ulichimba kokoto mpaka udongo ukaonekana.

Milingoti ilipandwa miwili miwili. Kondakta aliweka gia ya nyuma, akanyanyua kichwa, na macho yakakwenda yalikokwenda maisha yake yote, kwenye mviringo wa gundi. Akayachukua, akayahamisha, kama mtu anayemshika mtoto mkono na kumvusha barabara. Kwenye kioo chake milingoti ilisimama wima, mmoja huku, mmoja kule, na gari likapita katikati bila kugusa hata kivuli. Kisha mlima, mzunguko, barabara kuu. Dakika kumi kabla ya mwisho Jiwe aliweka kalamu chini. Binti alikuwa amesikia kwamba Jiwe akiweka kalamu mapema, ama umefaulu ama umekwisha. Akajikaza, akaendelea kusema kimoyomoyo: lori, nafasi, baiskeli.

Aliposimama uani, Jiwe alijaza karatasi yake yote kwanza, akatia sahihi, akaikunja, ndipo akauliza, "Nani kakufundisha kutazama kioo namna hiyo?"

"Shangazi."

"Nimeuliza mwalimu."

"Ndiye huyohuyo."

Jiwe alitazama nje, kwenye benchi la zege. Alisema kwamba yeye pia alifundishwa na mama yule. Siku ya kwanza alirudishwa nyumbani kwa miguu, kilomita sita, kwa kuwa alibakiza siku mbili kutimiza umri. Na Kondakta akayaona meno yake, yalikuwa mazuri tu.

Shangazi hakupiga kelele wala hakukumbatia mtu. Alivaa miwani, akaisoma fomu yote tangu juu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya binti, akahakikisha. Akaweka sahihi yake kwenye mstari wa pili, polepole, herufi zote. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari la manjano, akaingia, akakaa pale mtoto wa miaka sita alipokaa, akafunga mkanda. Wazazi walitazamana, mama akamsukuma baba aingie nyuma naye, yeye akakaa mbele.

Waliingia mtaani kwao mchana kweupe. Barabara ilikuwa tupu, hakuna mtu, hakuna kuku. Huyu ndiye mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na moja alifundisha kwamba honi si tarumbeta na haipigwi bila sababu.

"Piga honi," alisema kutoka nyuma.

Kondakta aliuliza kuna nini mbele.

"Hakuna kitu. Piga."

Akapiga tangu penye duka mpaka langoni kwao, na majirani wakatoka nje wakidhani ni harusi.

Mwaka uliofuata Kondakta alikwenda kwenye tamasha lake la kwanza, kitambulisho chake halali mkononi, na mlinzi wa getini hakukitazama. Alimpungia apite. Kondakta alikataa kupita. Alisimama pale, foleni inanung'unika nyuma yake, mpaka mlinzi akakisoma mstari kwa mstari.

Shangazi aliishi miaka ishirini na minne baada ya kuacha kazi. Hakushika usukani tena, na lifti za kaka yake alizikataa zote bila kutoa sababu, akichagua kutembea. Ila binti wa kaka yake akisimama langoni, alitoka amekwisha kuvaa viatu. Kondakta alimpeleka sokoni, misibani, kwenye harusi za waliokuwa wanafunzi wake, na miaka ya mwisho akampeleka kliniki kila Jumanne. Binti alikuwa amevuka arobaini kufikia hapo, mvi mbili tatu zimeanza, naye ndiye peke yake aliyezungumza njiani, akitaja mambo ya barabarani, kwa kuwa Shangazi alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache.

Jumanne moja muuguzi aliwasubiri nje na kiti cha magurudumu, maana pumzi zilikuwa zimepungua tangu alfajiri. Kondakta alisimamisha gari mbele kabisa ya mlango wa kliniki, akazunguka, akamshika mkono akamsaidia kukaa. Akamwambia atamngoja palepale, hataondoka. Shangazi alitazama gari, akatazama kibao kilichokuwa ukutani juu yake, akamtazama binti yake kwa yale macho ya kwenye kipande cha sabuni.

"Usiningoje hapa, mwanangu," alisema. "Hapa hawaruhusu kuegesha."